Mabega ya Mwamuzi

Moche, 6 Oktoba 1997

Mpendwa Shangazi Zulema,

Shikamoo. Huku sote wazima, hata Mama, ingawa yeye hapendi ijulikane. Anayalalamikia magoti tangu asubuhi, halafu jioni namkuta juu ya ngazi anachuma maparachichi ya jirani. Anakusalimu. Anasema wifi yake asipoandika mwezi huu atajua amekufa, na ataanza kugawa vitu vyake vilivyo kwenye sanduku chumbani kwetu. Leo Jumatatu, kwa hiyo supu ya shambar imechemka tangu alfajiri, nyumba nzima inanukia ngano na nyama ya nguruwe, na mimi nimekula mabakuli mawili kwa furaha ambayo siwezi tena kuizuia.

Shangazi, wameniita niwe mwamuzi!

Don Eleuterio Ñique, mkuu wa waamuzi wa ngoma ya marinera wa pwani hii, aliingia darasani katikati ya somo la mito. Akavua kofia mbele ya wanafunzi arobaini. "Mwalimu Edelmira," akasema, "kuna kiti kimebaki wazi, na wazee wamelitaja jina lako." Nikaliacha darasa ukingoni mwa mto Marañón, nikatoka mbio hadi nyumbani, nikamkumbatia Mama pamoja na sufuria yake.

Nitajaribiwa mara tatu: San Pedro de Lloc mwezi ujao, Chepén kabla ya Krismasi, na hapa kwetu Moche mwishoni mwa Januari. Baada ya hapo Don Eleuterio ataamua kama anipe kitambulisho cha mwamuzi au anirudishe kwenye mito yangu. Nakitaka kiti hicho, Shangazi. Sijawahi kumtaka mwanaume namna hii, na wewe unajua niliwataka kiasi gani.

Ulikuwa mwamuzi bora kuliko wote waliowahi kuinua kibendera kati ya Trujillo na Tumbes. Hata wanaokuchukia wanakubali, na wako wengi. Nifundishe.

Jambo moja, halafu naliacha. Mwaka 1979, nilipoingia fainali nikiwa na miaka kumi na tisa, wewe ulikuwa mmoja wa waamuzi watatu. Bendi ilipokuwa inashika vyombo ukasimama, ukasema tumbo linakusokota, ukatoka. Kiti chako akapewa mwoka mikate. Nikashindwa kwa kibendera kimoja, kibendera cha mwoka mikate. Sijacheza tena mbele ya watu tangu siku ile, na hadi leo hujatuambia ulikuwa umekula nini.

Nimeshaliacha.

Mwanao,
Edelmira

---

Catacaos, 25 Oktoba 1997

Mwanangu Edelmira,

Marahaba. Barua yako imefika na doa la shambar, nimeinusa kabla ya kuisoma. Mwambie mama yako sijafa, na akigusa sanduku langu nitarudi hata kama nimezikwa. Biashara yangu ya chicha, pombe ya mahindi, inakwenda. Kila asubuhi natundika kitambaa cheupe mlangoni ili watu wajue imeiva, na kabla sijashuka kwenye kigoda Don Hermógenes, yule mfamasia mstaafu, ameshaingia na kushika kibuyu. Ni mgane, ana goti bovu, ana maoni juu ya kila kitu. Simfukuzi kwa sababu analipa.

Sasa sikiliza. Anza na miguu. Mwamuzi mvivu huanza usoni, akakwama kwenye meno. Mwanamke anacheza peku, kwa hiyo mguu wake uko uchi na hauna mahali pa kujificha. Uso unaweza kucheka huku mguu unalia. Ukishaona miguu, panda kwenye leso, uone kama leso inasema lile lile linalosemwa na miguu. Halafu angalia nafasi kati ya wawili hao, maana humo ndimo marinera ilimo. Mwanaume anamtaka mwanamke, na mwanamke hana haraka. Hakuna kingine! Siku hizi wanaruka kama panzi, mwanaume anazunguka hewani, mwanamke anapeperusha sketi hadi watu wa safu ya mbele wanapata mafua, na wajinga wanapiga makofi. Usipige makofi. Huna mikono ya makofi tena, una mkono mmoja wa kibendera.

Nasikia Eleuterio ameleta karatasi za alama. Alama za tabasamu! Alama za mvuto! Amepimia mvuto kibaba gani, mzee yule? Watu hawa ukiwaletea jua wataliwekea alama saba kwa kumi kwa sababu limechelewa kutoka na halikuvaa vizuri. Ijaze karatasi yake ili usigombane naye, lakini uwe umeamua kabla ya kuijaza.

Kuamua ni kukataa. Kila unapoinua nyekundu umeikataa bluu, na bluu ana mama yake jukwaani, ameuza mbuzi ili anunue ile sketi. Utamtazama mama huyo machoni na hutaomba radhi. Ukitaka kupendwa, uza chicha.

Umeuliza nilikula nini. Jana nilikula ceviche ya samaki kachema na muhogo wa kuchemsha. Ilikuwa tamu sana.

Shangazi yako,
Zulema

---

Moche, 24 Novemba 1997

Shangazi,

Shikamoo. Mama anasema ceviche yako haikuulizwa na mtu. Anasema pia kwamba magoti yamepona, lakini nisikuandikie hilo.

San Pedro! Nacheka huku nikitamani ardhi inimeze. Nilianza vizuri. Nilikaa, nikatazama miguu kama ulivyosema, na Shangazi, ni kama mtu amenifuta vumbi machoni. Nilimwona binti mmoja wa Guadalupe akikanyaga sakafu kwa kisigino kwanza, kila mara, kama anayebisha hodi nyumba ya watu wakali. Nikasema moyoni, kumbe ndivyo alivyokuwa anaona Shangazi miaka yote ile!

Tatizo ni kwamba nilikuwa nacheza.

Sikujua. Nilikuwa nimekaa, miguu chini ya meza, mikono mapajani, lakini mabega yalikwenda zake. Jozi ikinipendeza, mabega yanaifuata: inakwenda kushoto, yanakwenda kushoto. Wa kwanza kugundua ni muuza mahindi ya kukaanga. Akapaza sauti kutoka ngazini: "Mabega yamekwenda bluu!" Kweli, nikainua bluu. Raundi iliyofuata, "Mabega nyekundu!" nikainua nyekundu. Kufikia saa tisa uwanja mzima umewapa wachezaji mgongo na unanitazama mimi. Wanawekeana dau la soda! Jozi moja ya Jequetepeque ikahama katikati ya sakafu ikaja kucheza mbele ya meza yangu, mwanaume anayakonyeza mabega yangu badala ya mwenzake.

Don Eleuterio akaniita pembeni. "Mwalimu, umekuja kuamua au kucheza?"

"Kuamua, Don Eleuterio."

"Basi mwambie yule mwingine anayecheza arudi nyumbani."

Anasema vibendera vyangu vyote vilikuwa sahihi. Lakini mwamuzi anayesomeka kabla ya pigo la mwisho la ngoma ni sawa na karata zilizogeuzwa. Waamuzi wenzangu wananitazama na kunifuata bila kufikiri. Nifanye nini na mabega haya? Wewe mabega yako uliyaweka wapi?

Edelmira

---

Catacaos, 6 Desemba 1997

Mwanangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako kwa sauti mbele ya wateja, na Don Hermógenes alicheka hadi chicha ikamtoka puani. Amekuomba msamaha, au alijaribu. Mawingu yanakaa vibaya huku. Wazee wanasema bahari imepata joto na mwaka huu mvua itatukumbuka.

Mabega ni ya ukoo. Babu yako aliwahi kufukuzwa kanisani kwa sababu yake. Eleuterio anataka mwamuzi awe jiwe, na mimi namwambia kupitia kwako kwamba mawe yako mengi mtoni na hakuna hata moja lililowahi kutambua mcheza marinera. Nilikaa miaka sita karibu na mwamuzi wa aina hiyo. Hakupepesa jicho. Siku moja tukagundua alikuwa amelala.

Hata hivyo kitambulisho unakitaka, na jiwe ndilo linalotoa vitambulisho. Kwa hiyo fanya hivi: Chepén, beba kibuyu cha chicha, kijaze hadi mdomoni, ukipakate. Bega likisogea, chicha inakumwagikia sketi. Sketi mbili tu na utakuwa umejifunza.

Mwambie mama yako anitumie ile sketi yangu nyeusi iliyo kwenye sanduku, na leso ya lasi. Ni kwa ajili ya nondo. Nataka kuzianika juani kabla nondo hawajazimaliza.

Jioni nina shughuli kidogo, kwa hiyo usishangae barua zikiwa fupi. Shughuli gani, haikuhusu. Nyayo zinaniuma.

Zulema

---

Moche, 22 Desemba 1997

Shangazi,

Shikamoo, na heri ya Krismasi. Sketi imetumwa kwa basi, imefungwa ndani ya blanketi. Mama ameuliza mara nyingi kwa nini nondo wa Moche wapelekwe Catacaos kula jua. Ameuliza pia kwa nini nyayo za mtu anayeuza chicha zimuume. Nimemjibu haikuhusu, akanirushia mwiko.

Chepén nilikaa kama nguzo. Kibuyu kilijaa hadi mdomoni na tone halikutoka. Muuza mahindi, ambaye naona sasa ananifuata mji kwa mji, alikata tamaa akarudi kuuza mahindi. Waamuzi wenzangu walinipongeza. Don Eleuterio alitikisa kichwa kwa ridhaa.

Kisha ikaja fainali ya vijana, na nikainua nyekundu, na uwanja mzima ukaguna. Nyekundu alikuwa amekanyaga sketi yake mwenyewe! Kwenye mzunguko wa pili, mbele yangu, akayumba hadi mwenzake akamdaka. Watu wote waliona, na mama yangu angeona hata akiwa amefumba macho. Mimi sikuona, kwa sababu nilikuwa natazama chicha.

Binti wa bluu alinitazama. Hakulia, Shangazi, na hilo ndilo lililoniua. Alinitazama kama mimi nilivyomtazama mwoka mikate. Vibendera viwili vya wenzangu vilikuwa bluu kwa hiyo alishinda, asante Mungu, lakini alijua, na mimi nilijua.

Don Eleuterio hakunipigia kelele. "San Pedro uliona kila kitu na ukasema kila kitu," akasema. "Leo hukusema kitu na hukuona kitu. Imebaki Moche. Ukishindwa kufanya yote mawili kwa pamoja, mwalimu, mito ni kazi nzuri."

Nifanyeje? Nikiachia mwili, najianika. Nikiufunga, napofuka. Andika upesi, na safari hii usiniambie habari za vibuyu.

Edelmira

---

Moche, 18 Januari 1998

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu. Redio inasema mto Piura umekula barabara na mabasi yamelala njiani, kwa hiyo huenda barua yako imelala nayo. Au huenda hujaandika. Mama anasali kwa ajili yako halafu anakutukana, kwa pumzi moja. Simu ya duka la jirani yako haiiti kabisa.

Mashindano ya hapa ni tarehe 31. Mwaka huu kuna kundi la wakongwe, wote zaidi ya miaka hamsini, na Don Eleuterio amenipa mimi fainali yao ili nisiwaumize vijana tena. Nimejaribu kukaa mbele ya kioo. Nimejaribu kuvaa koti la Baba, zito kama mlango. Hakuna kinachofaa.

Hata neno moja lingenitosha.

Edelmira

---

Moche, 2 Februari 1998

Shangazi Zulema,

Shikamoo, ewe mwanamke!

Uliondoka bila kunipa nafasi ya kufungua mdomo. Niliposhuka kwenye meza ulikuwa umeshapanda lori la ndimu na Don Hermógenes wako, mnakimbilia kuvuka mto kabla haujajaa. Kwa hiyo nitakueleza hapa ulivyoonekana kutoka kwenye kiti, maana wewe ulikuwa chini na mimi nilikuwa juu, na kwa mara ya kwanza maishani mwetu mimi ndiye niliyeona vizuri zaidi.

Mtangazaji anasema, "Kutoka Catacaos, kibendera cha bluu!" na mimi nainamisha kichwa kunoa penseli. Nasikia Mama akipiga yowe. Nainua macho. Sketi nyeusi ile ya nondo! Nyayo zako mwenyewe! Na huyo mzee aliyevaa kitani cheupe, ananukia kafuri hadi kwenye meza yetu. Barabara zimekatika nchi nzima, mabasi yamelala, wanajeshi wamekwama, lakini Zulema Huamanchumo amepita!

Nikasimama papo hapo. Nikamwambia Don Eleuterio, "Huyu ni shangazi yangu, dada wa baba yangu. Natoka kitini."

Na kweli nilikuwa natoka, Shangazi. Nilishashika mkoba. Nilijua hata nitakachosema: tumbo.

Don Eleuterio akavua miwani. "Tukimwondoa kila mwenye ndugu uwanjani, waamuzi tutawatoa wapi? Chile?"

Uwanja ukalizomea jina la mahasimu wetu kwa dakika nzima. Kisha akasema kanuni ya hapa ni kuwauliza wapinzani, wao wakikubali mwamuzi anabaki. Akawageukia mume na mke Asenjo wa Chepén, waliovaa nyekundu. Yule mke, mfupi, mnene, miguu kama mizizi, akanitazama kutoka juu hadi chini.

"Ndiye yule wa mabega?"

"Ndiye."

"Basi abaki. Mtu wa namna hiyo hawezi kutudanganya hata akitaka. Uwanja mzima utamwona."

Nikakaa. Sikuwa na koti wala kibuyu. Bendi ikaanza.

Ulikuwa mzuri, Shangazi. Sina neno lingine na nimetafuta tangu juzi. Ulitembea kama mtu anayekwenda dukani na anajua anatazamwa na mtaa wote. Leso yako ilikuwa inamwambia Don Hermógenes njoo, na mguu wako unamwambia bado. Mabega yangu yakaondoka. Sikuyazuia. Niliyaona yakienda kama unavyomwona mtoto akitoka nje kucheza, nikasema nendeni, mimi nina kazi. Muuza mahindi akapiga kelele, "Mabega bluu! Bluu kabisa!" na uwanja ukacheka, na Mama akaanza kupiga makofi kabla ya wakati, yeye ambaye miaka yote hii anasema unacheza kama bata.

Mimi nikaendelea kutazama miguu. Yote minane.

Ukaja mwendo wa mwisho, wa kukanyaga sakafu. Hapo goti la Don Hermógenes likakataa. Alipunguza, kidogo tu, mtu asiyetazama chini asingejua. Na wewe ukamsubiri. Uliushika mguu wako hewani, ukamngoja afike, halafu mkaendelea pamoja kama hakuna kilichotokea. Sijawahi kuona jambo la kiungwana zaidi ya hilo kwenye sakafu yoyote. Lakini bendi haikumsubiri. Na mama Asenjo na mumewe, pale kushoto, walikuwa ndani ya ngoma tangu pigo la kwanza hadi la mwisho, wanagombana na kupatana bila kutoka humo hata mara moja.

Pigo la mwisho. Mwenzangu mmoja bluu, mwenzangu mwingine nyekundu. Mabega yangu yalikuwa bado kwako, yameinamia upande wako. Mkono ukainua nyekundu.

Kelele ile! "Mabega yamesema bluu!" "Kibendera kimekosewa!" Muuza mahindi alirusha kofia chini, alikuwa ameweka dau la mfuko mzima. Don Eleuterio akanisukumia kipaza sauti. "Eleza, mwalimu. Mbele ya watu."

Nilisimama. Nikasema: "Mabega ni yangu, yanakwenda kwa ninayempenda. Mkono ni wa sakafu. Bluu alimsubiri mwenzake, na mimi ningependa kusubiriwa hivyo siku moja. Lakini bendi haikumsubiri, na nyekundu hawakuiacha bendi. Nimemaliza."

Halafu sauti ya Mama kutoka safu ya tatu: "Edelmira! Leo hulali kwangu!"

Watu walicheka hadi wapiga ngoma wakaangusha vijiti. Na wewe ulinitazama, ukiwa bado umemshika mkono Don Hermógenes, maana alikuwa amepiga goti la kumalizia na hakuweza kuinuka. Sikuweza kuusoma uso wako. Nilijaribu. Kisha lori likapiga honi.

Don Eleuterio alijaza karatasi yake, akaikunja, akaondoka. Sijui lolote kuhusu kitambulisho. Nalala kwa jirani.

Umenikasirikia?

Edelmira

---

Catacaos, 15 Machi 1998

Edelmira,

Marahaba. Barua yako imekuja kwa mtumbwi, pamoja na mishumaa na mchele wa msaada. Tulivuka salama kwa kusukumwa ndani ya lori, halafu kwa tingatinga, halafu kwa mabega ya wanaume wawili wa Mórrope ambao Don Hermógenes amewaahidi dawa za bure hadi wafe. Nyumba imesimama. Chicha imeharibika pipa zima. Kitambaa changu cheupe kilichukuliwa na upepo, sasa watu wanaingia hata siku ambayo haijaiva.

Januari sikuandika kwa sababu ya mvua. Kama mtu atakuuliza, sema mvua.

Sasa tugombane. Umesema nilimsubiri. Ndiyo, nilimsubiri! Marinera ni watu wawili, na ngoma ni ya tatu, na anayesahau wa pili ili ampendeze wa tatu angekaa nyumbani acheze na redio. Mama Asenjo hakumsubiri mumewe kwa sababu mumewe ana magoti ya chuma. Mpe Hermógenes wangu uone! Hoja yako ni ya mwalimu wa jiografia, unaitazama mito kwenye ramani na kusema haijapinda sawasawa. Nimeisoma hoja hiyo kwa wateja wote na wote wamekubaliana nami, kwani waliokataa sikuwamiminia.

Pia ule mzunguko wa pili nilichelewa kukunjua sketi. Hukuutaja. Hukuuona, au umenihurumia? Kama hukuuona, ongeza macho. Kama umenihurumia, usirudie tena, sipendi.

Kibendera kilikuwa sahihi. Hoja ni ya kipuuzi, kibendera kilikuwa sahihi. Mambo hayo mawili yanaweza kukaa nyumba moja.

Habari nyingine. Hermógenes alipopiga goti pale na kushindwa kuinuka, nilimwambia kwa sauti ya chini, mzee, watu watadhani unaniposa. Akasema, kwa kuwa niko huku chini tayari, Zulema, acha niulize. Nikamwambia aulize akiwa amesimama. Ilimchukua wiki mbili, lakini ameuliza amesimama. Harusi ni baada ya Pasaka, barabara ikiwepo. Mwambie mama yako aje na alete sanduku, na asilie, anakuwa mbaya akilia.

Kuhusu lile jambo lako la zamani, ambalo unaliacha kila mara na kuliokota tena. Sitasema nilikula nini. Nitasema hivi tu: nilikutazama Moche, kutoka chini, nikaona mabega yako yamelala upande wangu na mkono wako umesimama upande mwingine, nikashangaa kwamba jambo hilo linawezekana. Mwaka 1979 mimi nilikuwa na kipande kimoja tu, kutoka bega hadi kidole: bega likienda kwako, mkono nao ungekwenda. Na wale wa nyekundu walikuwa wazuri zaidi yako.

Basi. Usiniulize tena habari za tumbo.

Zulema

---

Moche, 6 Aprili 1998

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika leo wakati wa shambar, nayo sasa ina doa lake.

Mama amefungua sanduku, amelia ndani yake, kwa hiyo vitu vyote vitafika na unyevu. Anakuja na magoti yake yote mawili, anasema atacheza na bwana harusi ili wajue nani atamsubiri nani.

Nimerudi nyumbani kulala. Kitambulisho kiko mezani mbele yangu. Don Eleuterio alikileta darasani mwenyewe, tukiwa Marañón tena. Picha yangu imekaa upande, bega moja limepotelea nje ya fremu. Alisema mpiga picha aliniomba nitulie mara nyingi mno, wakaona bora waiache hivyo hivyo.

Mzunguko wa pili niliuona.

Nimeisoma ile sehemu ya mwisho ya barua yako, nikaikunja, nikaifungua, nikaisoma tena. Kisha nimetoka nje peku hadi uani, kwenye sakafu ya saruji, na Mama dirishani anauliza kama nimepata wazimu. Nimecheza ile marinera yangu ya 1979 kuanzia mwanzo hadi mwisho, taratibu, nikitazama miguu. Wale wa nyekundu walikuwa wazuri zaidi yangu. Kisigino changu kilikuwa kinabisha hodi.

Nilichelewa kukuambia, Shangazi, kwa miaka kumi na tisa, nami naomba uniwie radhi: pole sana kwa tumbo.

Mwanao,
Edelmira